Maji Yanayoivisha Maharage Upesi

Shule niliishia darasa la tatu, lakini huku Balangdalalu kisima chenye maji mwaka mzima nilikichimba mimi. Wasomi walichimba bonde zima wakaambulia vumbi. Mimi niliwafuata ng'ombe. Walipolamba udongo wa magadi nikasema hapa, na maji yakatoka. Nikajenga nyumba, nikajenga zizi, kisima kikawa katikati ya ua wangu kama moyo.

Sifa ikafika hadi Mbulu: maji yangu yanaivisha maharage upesi, huhitaji kutia magadi. Mama yangu, ambaye meno yamemwisha, hali chakula kingine ila maharage hayo. Kila asubuhi kikombe cha kwanza nilimtekea mwenyewe.

Mwaka huu akaja binti mmoja, mtaalamu wa maji, akajaza vichupa vyake. Aliporudi na majibu akaniamkia, nikaitikia marahaba, nikamwonyesha kiti. Hakukaa.

"Mzee, maji haya yana urani."

Nikacheka. "Urani ni ya kule kilimani, kwenye machimbo ya zamani. Mimi na machimbo wapi na wapi?"

"Wachimbaji waliondoka, mashimo wakayaacha wazi. Hewa na mvua vinaingia, urani inayeyuka kutoka kwenye mawe, inashuka na maji chini kwa chini. Magadi ndiyo yanayoibeba, la sivyo nyingi ingekwama njiani kwenye udongo. Inaumiza figo, polepole."

"Tutachemsha."

"Ukichemsha, maji yanapungua. Urani inabaki."

Nikatazama ukuta, zizi, bati langu jipya. Vyote nimeviweka hapo kwa mkono wangu, na havibebeki. Jioni ile nikang'oa mpini wa pampu ya kisima.

Asubuhi akafika mfugaji mmoja, mzee wa rika langu, na ng'ombe wake; nikamwambia maji yana sumu.

"Si wewe uliyetuambia ng'ombe hasemi uongo?"

"Hakusema uongo. Alisema anataka chumvi. Mimi nikasikia maji mazuri."

"Basi wa kuchinjwa si ng'ombe, ni sikio lako." Akawageuza ng'ombe, akaenda.

Siku hiyo maharage yalipikwa kwa maji yaliyoletwa na punda kutoka mbali. Yalikaa motoni tangu asubuhi mpaka alasiri. Mama akatafuna kwa fizi, akatema pembeni ya sahani.

"Mwanangu, ile pampu ina nini?"

"Mpini umevunjika, mama."

"Wewe fundi wa kila kitu unashindwa mpini?"

Mpini wenyewe nilikuwa nimeukalia.