Fuwele za Mama Nge

Kazini walimwita Mama Nge, na hakuudhika. Ndiye aliyewakamua nge sumu, tone kwa tone, kisha akakitenga kipande kimoja cha protini chenye uwezo wa kuziba njia ya maumivu mwilini. Mdogo wake aliwatania majirani: "Dada yangu ni mfugaji, ila maziwa yake usionje."

Dawa ingetengenezwa kwa kuiga umbo la kipande hicho. Shida ni kwamba umbo hilo halionekani kwa macho. Lazima vipande vijipange viwe fuwele, kisha fuwele ipigwe picha kwa mashine ya mionzi. Zamu ya maabara yao kwenye mashine hiyo ilikuwa kesho. Wakiikosa, wangoje mwaka mzima.

Fuwele huota ndani ya vitone vya maji, kwenye sahani iliyofunikwa kwa utepe, kabatini, bila kuguswa. Bosi wa maabara alilijua hilo vizuri; ndiye aliyelifundisha. Lakini mgeni akipiga hodi tu, elimu yote inamtoka.

"Njooni mwone almasi zetu!"

Anatoa sahani, anabandua utepe ili zing'ae vizuri, na wageni wanaguna utadhani wameelewa.

Asubuhi hiyo Mama Nge alipochungulia, vitone vilikuwa vimekauka. Fuwele zimepasukapasuka. Imesalia moja pembeni, nyembamba kama ukope.

"Bosi, nani kafungua?"

"Dakika moja tu, mama. Wafadhili walipita jana."

"Dakika moja! Na mimba ungeifunua dakika moja, tuone mtoto kafika wapi?"

Bosi akajikuna kichwa. "Mchana wanakuja wengine. Nimeshawaahidi."

"Basi waonyeshe uso wako."

Hakungoja jibu. Akaichota ile fuwele kwa kitanzi chembamba kama unywele, akaitumbukiza kwenye nitrojeni ya majimaji, ya baridi kali, inayofuka moshi, igande isikauke. Mkono ukitetemeka, kwisha habari. Haukutetemeka, hasira ziliushikilia.

Wageni wakaonyeshwa kabati tupu. Bosi akanuna.

Kesho yake skrini ya mashine ikajaa vinukta vyeusi, safi, hadi ukingoni. Kompyuta ikavisoma: umbo limepatikana! Bosi alirukaruka, kisha akamsogelea Mama Nge polepole.

"Mama, hii picha... naweza kuwaonyesha watu?"

"Waonyeshe hata mji mzima. Hiyo haikauki."

Hajamaliza kusema, simu iko sikioni mwa bosi.