Kadi Nyeupe Nilizozichanganya

Naona aibu kuisimulia hii, na si aibu ya kuchekwa tu, kwa hiyo mnivumilie.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka ya Same yamejaa sukari na sisi mifuko imekauka, nikapata kibarua cha kuwahoji akina mama wa milimani kwa niaba ya mtafiti mmoja mpole. Maswali yalikuwa kwenye kadi. Alinielekeza mara mbili kwamba zile za njano, za mahitaji ya nyumbani, nizichanganye upya kwa kila mtu ili swali moja lisivute jibu la jingine, lakini nyeupe, za watoto, zifuate namba zake. Mimi bingwa wa karata mtaa mzima (ndivyo nilivyojiona) nikaona rundo moja linachanganyika vizuri zaidi.

Nikapanda mpaka kwenye mashine ya kusaga, nikakuta foleni ya akina mama, nikawaambia nimetoka Same asubuhi hiyohiyo, nikachanganya kadi kwa mbwembwe mpaka wakacheka, kisha nikamgeukia wa kwanza, Mama Naomi. Sikujua kwamba kitindamimba wake, Yona, amelazwa hospitali ya Same, bibi yake akimuuguza, na yeye amekuja kusaga unga wa kumpelekea. Nikasoma kadi ya juu kama ilivyo: "Mtoto wako alifariki kwa ugonjwa gani?" (Swali hilo lilipaswa kutanguliwa na jingine, kama amewahi kufiwa, na akisema hapana linarukwa.)

Debe la mahindi likamponyoka. Wenzake wakaanza kulia, mashine ikazimwa, mmoja akakimbia kumwita baba mtoto shambani, na mimi nabwabwaja habari za utafiti hakuna anayenisikia. Mama Naomi alikuwa ameshateremka mbio, peku, mpaka hospitali, akamkuta Yona anakunywa uji. Aliporudi na habari hiyo kijiji kizima kilinicheka, nami nikacheka nao nikidhani yamekwisha.

Wiki iliyofuata Yona alizidiwa kweli, hukohuko hospitali. Nilikwenda mazikoni nikasimama nyuma kabisa, lakini mama yake aliniona, akanifuata.

"Walipokuja kuniita nilidhani ni kadi zako tena," alisema taratibu. "Nikamalizia kwanza kupalilia. Nimefika ameshafumba macho."

Nikasema pole mama. Kazi ile niliiacha siku hiyohiyo, na nimeapa sitamuuliza mtu habari za mtoto wake kabla sijajua mtoto huyo yuko wapi. Lakini kiapo changu kinamsaidia nini Mama Naomi?