Nilimkanda Mdogo Wangu Chango Ambalo Hakuwa Nalo

Jamani, nimekosa. Chekeni mkitaka, ila mnisikilize kwanza.

Nauza ndizi sokoni Ngaramtoni. Zamani nilikuwa nauza na mdogo wangu wa kike. Kila akiinua mkungu anashika tumbo upande wa kulia, chini kidogo ya kitovu. “Dada, panachoma! Hapa hapa tu.”

Mimi, daktari nisiyesoma, nikasema hilo chango. Nikapasha samli, nikamkanda mpaka analia. “Tulia, linatoka hilo!”

Halikutoka kitu. Nikamchemshia supu ya mizizi ya Kimasai, akaishia kuharisha. Basi nikamwambia mbele ya wateja, “Ugonjwa wako ni uvivu. Mbona ukiinua simu huumwi?” Soko zima likacheka. Akafunga khanga yake, akarudi kwa mumewe Oldonyo Sambu. Sokoni hakukanyaga tena.

Mwaka huu zamu yangu ikafika! Nainua mkungu, hee, kitu kikanichoma pale pale kulia. Nikakimbilia hospitali. Daktari akanilaza, akabonyeza kwa kidole, akaniambia niinue kichwa ili tumbo likaze. Mama yangu! Nilitaja malaika wote.

Akasema si utumbo wala kizazi, ni neva imebanwa kwenye misuli ya ukuta wa tumbo. Akanichoma sindano ya ganzi hapo hapo, maumivu yakatulia. Halafu akauliza, “Kwenu yupo mwingine? Bado hatuna uhakika kama inarithiwa, ila wakati mwingine tunaiona kwa ndugu wa damu.”

 Nikasema, “Yupo. Nilimkanda.” Daktari akaguna.

Nikampigia mdogo wangu.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Mdogo wangu, nimepata ugonjwa wako.”

Alicheka mpaka akakohoa. “Pole dada. Samli ipo nyumbani?”

Nilistahili! Nikamwambia aje nimpeleke kwa daktari, nauli juu yangu.

“Nilishatibiwa, dada, tangu mwaka jana. Wifi yangu huku ndiye aliyenipeleka.”

“Na mimi hukuniambia?”

“Nikuambie ili ucheke?”

Iliniuma kuliko neva, kweli tena.

Nyie wenye midomo kama yangu, ndugu akikuonyesha panapomuuma, mwamini, mpeleke hospitali. Mdogo wangu anaogopa sindano tangu utotoni. Siku anachomwa alishikwa mkono na wifi yake, na mimi dada yake wa damu nilikuwa sokoni nawasimulia wateja uvivu wake.