Jogoo Aliyefundishwa Kutulia

Mimi kuku wa kutazamwa sikuwapenda, na siwezi kukudanganya eti niliwapenda. Kuku kwangu ni mayai, ni mchuzi, ni mgeni amebisha hodi na unataka kumpa heshima yake. Lakini mume wangu Dalmas, baba ya Jentrix wangu, aliingia nyumbani jioni moja mwaka wa 1957 akiwa amekumbatia kapu, anacheka peke yake, na ndani ya kapu kulikuwa na kuku majike wawili na jogoo mweupe ambaye mkia wake ulikuwa umekunjwa kama leso, na alipotolewa ukaenea.

Tulikuwa tunakaa kwenye laini za wafanyakazi wa shamba la kahawa, nje kidogo ya Ruiru. Mchana Dalmas aligeuza kahawa kwenye vitanda vya kuanikia, na jioni aliwaangalia kuku wa memsahibu, mke wa meneja wa zamani. Wale kuku waliitwa Yokohama, asili yao Ujapani, na walifugwa kwa ajili ya mkia tu. Meneja alipostaafu, memsahibu hakuweza kupanda meli na kuku, basi akamwachia Dalmas hao watatu. Akamwambia pia kwamba Thika hufanywa maonyesho ya kuku kila mwaka, na sasa hata kuku wa sisi Waafrika wanapokelewa, kwa hiyo ampeleke jogoo.

Nikamuuliza Dalmas kama hao kuku wanataga. Akasema wanataga, lakini kidogo. Na nyama? Si wa nyama. Sasa ni wa nini?

"Ni wa kupendeza," akasema.

Nikasonya nikarudi kwenye sufuria yangu. Mwanamume mzima na ndevu zake.

Basi ikaanza kazi. Udongo wa Ruiru unaujua, ule mwekundu, mvua ikinyesha unashika kila kitu na hauachi. Mkia ukigusa huo udongo umekwisha. Dalmas akawajengea banda nyuma ya nyumba, akamwaga chini makapi makavu ya kahawa, na juu akaweka gongo la mti wa kahawa lililolainishwa, juu kabisa, ili jogoo akilala mkia uning'inie bila kufika chini. Akachanganya mtama na dagaa zangu, dagaa nilizotumiwa kutoka nyumbani Nyanza, eti zinaotesha manyoya. Nilipiga kelele juu ya hizo dagaa mpaka majirani wakatoka nje. Mbaluka wa nyumba ya tatu akauliza kama ule mkia unauzwa kwa yadi.

Kazi kubwa ilikuwa kumzoeza jogoo kushikwa. Kwenye maonyesho jaji humtoa kuku kwenye kizimba, anamgeuza, anamfunua bawa, na kuku akirusharusha miguu hapati kitu. Kwa hiyo kila jioni Dalmas alikaa kwenye kigoda na jogoo mapajani, akimpapasa mgongo, akimvuta mkia taratibu unyoya kwa unyoya. Alimzoeza hata watu wengine wamshike, mimi mwenyewe, Jentrix, na Mbaluka na mikono yake ya grisi. Yule jogoo akawa mpole ajabu. Ungemshika popote asitikisike.

Na mimi nikaona kitu ambacho sikumwambia mtu. Zamani mshahara ukitoka, Dalmas alipitia kwenye pombe ya busaa, na nilimjua anarudi kwa kuimba kwake. Tangu kuku waje, alitoka kazini akaja moja kwa moja nyumbani, ananawa mikono, anakaa kwenye kigoda chake, tunaongea. Tulikuwa tumeoana miaka mingi na hatukuwa tumewahi kuongea namna ile. Nilianza kuwaombea Mungu kuku ambao sikuwapenda.

Ndipo meneja mpya akapita kukagua laini. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa sheria, na sheria ilisema laini si mahali pa kufuga. Kuku wangu wa kienyeji wawili watatu aliwafumbia macho, lakini banda zima, hapana. Dalmas akamsihi sana, akamweleza habari za memsahibu na za Thika. Meneja akakuna kidevu akasema hivi: jaji wa Thika akimpa jogoo kadi ya kuonyesha kwamba ni wa mbegu halisi, wote watatu watakaa. Akirudi bila kadi, waondoke siku hiyohiyo. Akasema naye atakuwepo Thika siku ya maonyesho, atajionea.

Wiki ile ya maonyesho, Mzee Ogembo akafika kututembelea. Ni kaka mkubwa wa baba yake Dalmas, na ndiye aliyemlea Dalmas baba yake alipofariki, kwa hiyo kwetu yeye ni baba, basi. Mzee mkali huyo. Katika ukoo wote hakuna aliyewahi kumsikia akisema amekosa. Akisema mvua haitanyesha na ikanyesha, kosa ni la mvua. Nikampikia, nikamwekea maji ya moto, nikampigia magoti, yote yanayotakiwa.

Alhamisi Dalmas akamwosha jogoo kwa sabuni kwenye karai, akamsuuza, akamkausha karibu na jiko. Haki ya Mungu alitoka mweupe mpaka nikanyamaza. Manyoya mawili ya katikati ya mkia yalikuwa yamepita urefu wa mkono wangu, yameenda sawasawa kama mapacha. Hayo ndiyo jaji angetazama kwanza.

Sasa, kwetu sikio likikuwasha huendi hospitali. Unamshika kuku, unang'oa unyoya, unauchambua ubaki na kishungi kidogo kwenye ncha, unauzungusha sikioni huku umefumba macho kwa utamu. Nimefanya hivyo tangu utotoni, na nawe labda umefanya. Ijumaa asubuhi sikio lilimwasha Mzee Ogembo. Akajaribu kuwashika kuku wangu wa kienyeji, wakamkimbia, wale hawana adabu. Dalmas alikuwa amemweka jogoo juani kidogo, juu ya gunia safi, kabla ya kwenda kazini. Mzee akamwinamia, na yule mjinga, si amefundishwa? Akatulia kimya.

Nilirudi kutoka bombani na debe la maji nikamkuta mzee kwenye kigoda, macho amefumba, unyoya uko sikioni. Alichagua unyoya mmoja wa yale mawili marefu ya katikati, akakata ncha yake kwa kisu kama urefu wa kidole, na sehemu nyingine yote ilikuwa imelala chini kwenye udongo mwekundu.

"Nyar Gem," akaniita, kwa vile nilizaliwa Gem, "huyu jogoo wenu ana heshima."

Nilitua debe. Mdomo ulikuwa umejaa maneno, na mkwe hamwinulii mzee sauti, basi nikaenda nyuma ya nyumba nikazigombeza kuni moja moja nikizipasua.

Dalmas aliporudi aliuokota ule unyoya, akaupangusa na shati lake.  Kisha akamuuliza mzee, kwa upole, kama sikio limepona. Mzee akasema limepona kabisa. Ikawa imeisha hapo. Tulipokuwa peke yetu niliwaka moto, lakini Dalmas akanikataza nisimwambie mzee neno, kwa sababu hakujua, na akijua ataumia bure.

Jumamosi tukapanda treni ya kwenda Thika, sisi na mzee, ambaye alitaka kuona hao wazungu wanaopima kuku. Ukumbi ulikuwa umejaa vizimba. Jogoo wetu tulimweka upande wa pembeni, na hata hapo watu walisimama kumwangalia. Nilivimba kichwa kidogo, sikatai.

Jaji alikuwa mzungu mrefu wa miwani, Kiswahili chake cha kuelewana. Akamshika jogoo, jogoo akatulia. Akapima unyoya mmoja kwa kijiti, akatafuta mwenzake, hakuuona. Akapitisha kidole mahali pake, akakuta kidonda kibichi. Uso ukambadilika. Akatueleza kwamba wako watu wanaong'oa unyoya uliopinda au wenye rangi mbaya ili kumdanganya jaji, na kuku wa namna hiyo hutolewa kabisa, hapati kadi yoyote. Akauliza nani amefanya hivi. Meneja wetu alikuwa amesimama hapohapo, mikono nyuma.

Dalmas akanitazama mimi, akamtazama mzee.

"Nimeng'oa mimi, bwana," akasema.

Jaji akatoa penseli amfute jogoo.  Moyoni niliwaona kuku wakiondoka, na nilimwona Dalmas akirudi kwenye busaa. Mzee akanivuta mkono akaniuliza kwa Kijaluo yule mzungu anasema nini. Hapo heshima ilinishinda. Nikamwambia yote, unyoya, kadi, meneja, kwamba jioni ile ile kuku hawatakuwa wetu tena, na sauti yangu haikuwa ya mkwe.

 Akavua kofia yake, akapita katikati ya watu mpaka mbele ya jaji.

"Huyu anakudanganya," akasema kwa Kiswahili chake kizito. "Mimi ndiye niliyeng'oa. Sikio lilikuwa linaniwasha. Nimekosa."

Watu wakacheka, wengine wakashika mbavu. Mzee hakugeuka kuwaangalia. Alisimama na kofia mkononi, shingo imenyooka, na mimi niliona aibu kwa ile sauti niliyomtolea.

Jaji hakucheka. Alimuuliza Dalmas kwa nini amejitia kosa lisilo lake, na anajua litamnyima kadi.

"Unyoya utaota tena, bwana," Dalmas akasema. "Baba yangu nikimwaibisha hapa mbele za watu, hilo nitaliotesha na nini?"

Jaji akairudisha penseli mfukoni. Akamtoa jogoo upya, akamtazama miguu, kilemba, bawa, na ule unyoya uliobaki akaupitisha kwenye vidole mpaka mwisho. Akamwambia meneja kwamba hapa hakuna aliyetaka kumdanganya jaji, jogoo ni wa mbegu halisi kabisa, na mkia ungekuwa mzima angekuwa wa kwanza. Akampa kadi ya nafasi ya tatu. Meneja akaisoma mbele na nyuma, mtu wa sheria, kisha akamwambia Dalmas banda libaki pale lilipo.  Mimi nililia wazi, na wala sikujipangusa.

Tulipotoka kwenda stesheni niliinama nichukue kapu, kwa sababu mizigo ya kichwani kwetu ni ya wanawake. Mzee Ogembo akalitoa mikononi mwangu. Nikamwambia, "Baba, wacha," akajifanya hasikii. Akajitwika kapu la kuku kichwani mwenyewe, mzee wa umri ule, mbele ya Thika nzima, akaenda nalo polepole asimtikise jogoo, na sisi tukamfuata nyuma.