Sura Iliyotolewa kwenye Historia ya Seminari

Nilitumia karibu mwaka mzima kuandika historia ya seminari yetu, na kitabu kilichotoka mtamboni sikitambui.

Seminari yenyewe ni ndogo. Iko nje kidogo ya mji wa Nyeri: madarasa ya mawe, kanisa la mabati, shamba la sukumawiki na ng'ombe wachache wa maziwa ya chai. Hapo ndipo wachungaji wa Kipresbiteri wamefunzwa tangu kabla sijazaliwa. Mimi nilisomea hapo, nikarudi kufundisha historia ya kanisa. Kwa hiyo chuo kilipoanza kujiandaa kwa jubilii, mkuu wa chuo aliniita ofisini.

"Mwalimu, wewe ndiye mtu wa historia. Tuandikie kitabu. Kisikuwe kirefu, lakini kikuwe na ukweli."

Nikamwamini.

Kuna jambo ambalo kila aliyesoma hapo miaka yetu analijua. Nilipokuwa mwanafunzi, uongozi wa kanisa uliamua kuifunga seminari. Walisema tulikuwa wachache mno, tuhamishiwe chuo kikubwa cha mbali. Mchungaji aliyeongoza kanisa wakati ule alikuja mwenyewe, akatusomea uamuzi tukiwa tumesimama uwanjani, kisha akatia kufuli jipya kwenye mlango wa maktaba. Walimu walinyamaza. Baada ya majuma machache kila mmoja alikuwa amepewa kanisa la kuchunga.

Mmoja tu alikataa. Alikuwa mwalimu wetu wa Kiyunani, mama ambaye hakuwa hata mchungaji, kwa sababu alipohitimu kanisa halikuwa limeanza kuwawekea wanawake mikono. Alituambia, "Anayetaka kusoma anifuate." Tukamfuata hadi kwake Naro Moru.

Tulisomea kwenye ghala lake la viazi. Viazi vyenyewe vilitolewa nje vikafunikwa kwa turubai, vikanyeshewa, vingine vikaoza, na mumewe hakuacha kulalamika. Upepo wa mlimani ulipenya katikati ya mbao. Tulikaa juu ya magunia tukinyambua vitenzi vya Kiyunani huku meno yakigongana. Habari zikafika makanisani, na akina mama wa Karatina wakaanza kutuletea mahindi na kabichi. Wazee wa kanisa nao wakaanza kuuliza maswali vikaoni, wakauliza hadi uamuzi ukabatilishwa na kufuli likafunguliwa. Bila ghala lile, leo pale pangekuwa shamba la mtu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sura yangu ya nne. Mkuu wa chuo aliirudisha ikiwa imekatwa yote kwa wino mwekundu.

"Mwalimu, hii hatuwezi."

"Kuna uongo ndani yake?"

"Hakuna. Lakini mgeni wetu wa heshima ni nani? Si ni huyo huyo mzee aliyewasomea uamuzi? Ndiye atakata utepe. Sasa ati tumpatie kitabu inasema alifunga chuo?"

"Lakini alikifunga."

"Alitii kikao. Na saa hii ni yeye ametusaidia kupata bweni mpya."

Nikamwambia kwamba hata Biblia haikuficha dhambi ya Daudi. Akacheka. "Daudi hakuwa amealikwa kukata utepe."

Nilirudi kwake mara kadhaa. Nilipunguza makali, nikaliondoa kufuli, nikabakiza ghala peke yake. Alikataa. Mahali pa sura ile pakawekwa sentensi moja: "Chuo kilipitia kipindi cha changamoto, lakini Mungu alikuwa mwaminifu." Kurasa zilizobaki zikajazwa picha za wakuu wa chuo, kila mmoja na ukurasa wake. Mwalimu wangu alitajwa mwishoni, miongoni mwa "wengine waliohudumu", na jina lake lilikuwa limekosewa herufi.

Nilimpelekea nakala kabla ya sherehe. Nilimkuta amekaa uani, ungo wa maharagwe magotini. Nilitarajia hasira. Ukweli ni kwamba niliitaka hasira yake.

Aliisoma ile sentensi, akavua miwani. "Kipindi cha changamoto. Si vibaya."

"Mwalimu, hukasiriki?"

"Nikasirikie nini? Huyo mzee alikuja hapa tukizika bwanangu. Aliniomba msamaha mbele ya watoto wangu. Nikampa uji akakunywa. Tulimalizana."

"Mlimalizana nyinyi wawili. Na sisi tuliokaa kwa baridi?"

"Wewe kijana," akasema, nami nina mvi kichwa kizima, "unataka nini? Nipigiwe makofi?"

"Nataka iandikwe."

Aliokota jiwe kwenye maharagwe, akalitupa. "Basi andika. Lakini usinifanye mimi fimbo ya kumchapa mtu."

Niliendesha gari kurudi Nyeri nikiwa na uchungu hata sijui na nani. Alikuwa na haki ya kusamehe. Lakini msamaha wake ulikuwa umeninyang'anya shahidi.

Siku ya sherehe niliwaona wameketi pamoja hemani, yeye na yule mzee, wakiongea Kikuyu na kucheka kama watu wa rika moja, waliotahiriwa mwaka mmoja. Mzee alipokata utepe alisema seminari hii imelindwa na Mungu peke yake. Watu wakapiga makofi. Mwalimu wangu naye akapiga. Mimi nilikuwa nimebeba rundo la vitabu nigawe, nikafurahi kwamba mikono yangu ina kazi.

Tangu hapo sura ile naifundisha kwa mdomo, kila mwaka, kwa wanafunzi wapya. Nawaeleza kufuli, turubai, viazi vilivyooza. Muhula uliopita, nikiwa katikati, kijana mmoja wa kutoka Doldol aliinua mkono. Nilifurahi sana, maana hawajawahi kuniuliza chochote.

"Mwalimu, hii itakuja kwa mtihani?"

 Darasa zima lilikuwa linangoja jibu.

"Itakuja," nikasema.

Ndipo wakaanza kuandika.