Maji ya Chachu ya Askale

Wewe ungemfungulia mlango jirani anayekohoa? Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, nikaaibika.

Askale Wubishet amepika injera, ile mikate mipana laini ya nafaka ya tefu, mtaani kwetu Shiro Meda, huku juu Addis Ababa, kwa miaka ishirini na miwili. Moshi wa kuni za mkaratusi umemharibu kifua, na kikohozi chake tulikizoea kama kengele ya kanisa. Kisha virusi vikaja. Mikahawa aliyoiuzia ikafungwa, na ndani ya wiki mbili kikohozi kile kile kikawa hatia. Redioni walituambia tukae nyumbani, kana kwamba kila nyumba ina ghala! Askale hakukaa. Alizunguka mpaka akapata oda moja tu: injera mia kila siku kwa hoteli iliyowekwa watu wa karantini, kuanzia Jumatano. Oda hiyo ndiyo ingemlisha yeye na binti yake.

Ijumaa, kwa hofu, akafanya kosa. Alisugua ndoo zake zote kwa klorini, pamoja na ile ndogo ya ersho, yale maji ya manjano yanayoelea juu ya uji wa tefu uliochacha. Hubakizwa kila mara yauchachushe uji unaofuata. Yake yalitoka kwa mama yake, siku alipoolewa. Bila ersho, uji mpya hukaa wiki nzima haujachacha vizuri, na injera hutoka bapa, haina macho, yale matundu madogo ya juu.

"Zerihun, mwanangu," aliniambia, ameinamia ndoo inayonuka dawa, "nimemwaga mkono wa mama."

Siku za kawaida ersho huombwa kama chumvi. Jumapili alasiri nilimsindikiza, mimi mwanafunzi wa sheria niliyerudishwa nyumbani chuo kilipofungwa. Uani kwetu kuna milango mitano. Miwili ilitiwa komeo tulipoikaribia. Kwenye wa tatu, Tiruwork alichungulia dirishani.

"Askale, hapo hapo! Usisogee!"

"Dada yangu, ersho tu. Kikombe kimoja."

"Kohoa kwanza tusikie."

"Si moshi huu, Tiruwork? Umekula injera yangu miaka yote, leo ndiyo unaniuliza?"

"Leo moshi, kesho gari jeupe. Kohoa uone kama sijawapigia simu."

Gari jeupe la watu wa afya lilikuwa limemchukua fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, na hakuwa amerudi. Askale alijiziba mdomo kwa shali. Mabega yakamtikisika. Alikuwa anakimeza kikohozi, machozi yakimchuruzika.

Nikalipuka. Nikasimama katikati ya ua nikahutubia: utu uko wapi, ujirani uko wapi, tutakufa kwa woga kabla ya ugonjwa!

"Hotuba hizo kapeleke bungeni, bwana mwanasheria," Tiruwork akanikata. "Na wewe mbona umesimama mbali naye hivyo?"

Nikatazama chini. Kati yangu na Askale palikuwa na hatua nne nzima.

Kabla jua halijazama, chupa ya mafuta ya kupikia iliyojaa ersho ilikuwa juu ya ukuta wa Askale. Hakuna aliyejitaja, ila kitambaa kilichoizunguka tulikijua: cha jikoni kwa Tiruwork. Askale akachanganya unga, maji na ersho hiyo jioni ile ile.

Kesho yake asubuhi gari jeupe likaingia langoni. Askale alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Watu wawili waliovaa plastiki mwili mzima wakampita, wakaingia kwa Tiruwork, wakatoka na mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu. Gari likaondoka. Tiruwork akapiga kelele kutoka ndani:

"Umwage, Askale! Umwage uji huo! Mikono yangu imeigusa chupa ile!"

Askale alifunua ndoo. Povu lilikuwa limeanza kupanda. Akanitazama, mimi niliyesoma. Nikatazama povu.

"Kikaango changu kinaunguza kila kitu, hata virusi," Askale alimjibu Tiruwork. "Kaa na watoto. Usitoke."

Akanawa mikono mpaka viwikoni, mara tatu. Kisha akamimina tefu nyingine ndani ya ndoo ile ile, akaanza kukanda.