Mama Mdogo na Jicho la Dobi

"Sasa mama mdogo, utawaambiaje habari za Mungu wakati hata 'naomba maji' kwa lugha yao hujui?"

Nilimwuliza hivyo nikiwa na miaka minane, nimekalia sanduku lake ili zipu ifungike. Yeye alikuwa amepiga magoti sakafuni, anavuta zipu huku jasho linamtoka. Alisema tu, "Kalia vizuri, weka uzito wote." Zipu ikafungika, na kesho yake akaondoka.

Alikuwa na miaka ishirini na minne, kitinda mimba wa bibi, mdogo wake mama. Nyumbani walimwita Redio, na wala si kwa ubaya. Alikuwa na uwezo wa kuanza hadithi mnapomenya viazi, akaimaliza vyombo vimeshaoshwa, na wewe hapo katikati umesema "ehe" mara mbili tu. Alifanya kazi kwenye duka la kuchapa barua na kutoa nakala. Watu waliingia na karatasi moja, wakatoka wanajua mpaka mashine ile ilinunuliwa wapi na kwa nini hupenda kukwama siku za mvua. Kwa hiyo kanisa lilipotafuta kijana wa kwenda umisionari nje ya nchi, wazee wa kanisa hawakuumiza kichwa. Mwenye mdomo wake alikuwepo.

Bibi peke yake ndiye aliyetia shaka. "Mwanangu, mdomo huo ukifika ugenini utakuwa kama kengele isiyo na ulimi."

"Mama, kuna chuo cha lugha. Miezi michache tu nitakuwa nimeiva."

"Miezi michache! Wewe hapa hapa ulianza kusema una miaka miwili na nusu, na sote tulikuwa tunakupigia kelele masikioni mchana kutwa."

Basi akasafiri. Kwenye uwanja wa ndege wa huko, ofisa wa pasipoti alimwuliza swali, mama mdogo akaonyesha barua ya mwaliko. Ofisa akarudia swali kwa sauti kubwa zaidi. Mama mdogo akaonyesha barua ile ile, safari hii kwa tabasamu kubwa zaidi. Mwisho ofisa akachoka, akagonga muhuri. Nje alipokewa na mmisionari mwenzake, mtu wa kwao aliyemtangulia huko miaka sita, ambaye wote walimwita Kaka.

Chuo kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la rangi, na darasa zima lilinuka rangi. Wanafunzi walikuwa watano, mwalimu mmoja. Mwalimu huyo alikuwa mzee aliyestaafu ukarani bandarini, na Kiswahili chake alikiokota kwa mabaharia, kwa hiyo kilikuwa kizuri sana kwenye matusi na mizigo. Kila asubuhi saa mbili alipanga vitu mezani: kikombe, ufunguo, kitambaa, kijiko, saa ya mezani. Yeye anataja, mwanafunzi anagusa. Anasema chukua, unachukua. Anasema mpe mwenzako, unampa. Kusema ni marufuku. Wiki sita za kwanza walikuwa wa kusikiliza tu. Barabarani waliruhusiwa salamu na maneno mawili matatu, kama "sijaelewa" na "sema tena".

Niliposikia hayo kwenye simu nilishangaa mno. Darasa la lugha ambalo mnakatazwa kuongea? Kwetu shuleni ningeshika namba moja.

Ukutani kulikuwa na kibao chenye masharti mawili. La kwanza: usiseme neno ambalo hutaweza kuelewa jibu lake. La pili: mwanafunzi akikataliwa na mwenye nyumba anakoishi, anarudishwa kwao. Lugha hujifunzwa nyumbani, alisema mwalimu, darasani watu huja kuipiga msasa tu.

Mwenye nyumba wake mama mdogo alikuwa dobi, mjane wa miaka hamsini na kitu, anayefua na kupiga pasi mashuka ya nyumba za wageni. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: meza ndefu yenye blanketi lililoungua hapa na pale, pasi mbili, na msumari mkubwa ukutani. Shuka hukunjwa na watu wawili, lakini dobi alikuwa peke yake, hivyo alitundika ncha moja kwenye msumari akavuta nyingine. Jicho lake la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, jeupe kama tone la maziwa. Akitaka kuona kitu aliinamisha kichwa upande, kama kuku anayekagua punje. Wawili hao waliishi kwa ishara na salamu, na waliishi vizuri.

Tatizo likaanza kwa Redio mwenyewe. Mwezi mzima wa kunyamaza! Alisema alihisi maneno yamemjaa mpaka kwenye meno. Halafu kanisa la nyumbani likamwandikia Kaka: tutumieni picha za video, tumwone binti yetu akifanya kazi. Kaka naye akaona njia ya mkato. Mama mdogo akaandika ushuhuda wake kwa Kiswahili, Kaka akautafsiri na kumrekodia kwenye simu, dakika nne kamili. Alikariri usiku na mchana, akioga, akipanda ngazi, mpaka akajua kila pumzi inakaa wapi. Mwalimu hakuambiwa.

Jumapili ya tano akasimama mbele ya kanisa dogo la mtaa ule, akaumwaga wote. Hakukosea hata mahali pamoja. Watu wakapiga makofi, Kaka akarekodi, na dobi, aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma, akafuta machozi.

Alasiri ile dobi alizima pasi, jambo ambalo hakulifanya kamwe kabla ya jioni, akamvutia mama mdogo kiti. Akaanza kuzungumza. Aliongea pengine nusu saa, anagusa kifua chake, anashika mkono wa mgeni wake, anasita kama anayeuliza. Mama mdogo hakushika hata neno. Lakini angesema nini? Asubuhi tu watu wamempigia makofi, mchana akiri kwamba ni kasuku? Basi kila dobi aliposita, yeye aliitikia kwa kichwa, kwa huruma, na kusema "ndiyo". Dobi akambusu mkono, akarudi kwenye pasi zake akiimba.

Jumatano mama mdogo alitoka darasani saa saba mchana. Akamkuta dobi amekaa chumba cha mbele amevaa gauni lake zuri na viatu, mkoba mapajani, pasi zote baridi. Akamsalimu. Dobi akageuza uso. Mama mdogo akaenda chumbani kwake, na mlangoni akakuta sanduku lake limesimamishwa, juu yake nguo zake zote zimekunjwa vizuri kama mashuka ya wageni. Hilo halikuhitaji tafsiri.

Alikimbia mpaka chuoni. Mwalimu akaja naye, akazungumza na dobi, kisha akamgeukia akiwa amekunja uso.

"Wewe mtoto, Jumapili alikuomba umsindikize leo hospitali. Daktari wa macho huja mara moja kila miezi miwili. Hawampasui mtu asiye na wa kumrudisha nyumbani. Alikuuliza kama utakwenda naye. Ulimjibu nini?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

Dobi, bila hata kujua wanasema nini, aliinua vidole vinne.

Alikuwa amekwenda alfajiri kushika nafasi, akiamini mgeni wake atamfuata, akangoja kwenye benchi mpaka saa sita. Wakampa nafasi yake mtu mwingine. Mwalimu alipomweleza kwamba binti huyu haelewi kitu, dobi alicheka kwa uchungu: kanisani anahubiri kama kasisi, nyumbani anajifanya bubu! Hakuamini. Alichoona ni kwamba msichana alielewa na akapuuza. Kwa heshima ya mvi za mwalimu alikubali jambo moja tu: sanduku lingebaki pale mlangoni mpaka Jumapili, kisha liende.

Siku nne. Kaka, ambaye naye alijua mkono wake umo kwenye kosa hilo, akajitolea kuandika maneno ya kuomba radhi, mazuri, mama mdogo ayakariri.

Mwalimu akapiga meza. "Hotuba nyingine! Na akikujibu je? Utamwambia ndiyo ya tano?"

"Sasa nifanyeje, mwalimu?"

"Una maneno mangapi yako mwenyewe? Yasiyo ya huyu bwana?"

"Kama mia hivi. Mengi ni ya vikombe na vijiko."

"Hayo hayo."

Alhamisi asubuhi hakwenda darasani. Alisimama karibu na meza ndefu, akashika ncha ya shuka. Dobi akaipokonya, akaitundika kwenye msumari. Akashika nyingine, ikapokonywa nayo. Mama mdogo akasema kwa lugha yao, neno moja moja kama mtu anayevuka mto juu ya mawe: "Jumapili. Mimi sikuelewa. Ndiyo yangu, mbaya."

Dobi akainamisha kichwa, akamtazama kwa jicho zima. Kisha akafunguka, maneno kama mvua ya mawe. Mama mdogo anasema alihisi shingo yake inaanza kuitikia yenyewe, mazoea mabaya hayo, akaizuia.

"Sijaelewa. Sema tena."

Dobi akasema tena, kwa ufupi kidogo.

"Sijaelewa. Sema tena."

Mara ya tatu dobi akavuta pumzi, akachomoa shuka kwenye msumari na kumtupia ncha yake kifuani. "Shika!"

Hilo alilijua. Akashika. Siku hiyo nzima walikwenda hivyo: shika, vuta, kunja, njoo, hapana, rudi. Redio, aliyewahi kuongea mpaka fundi wa mashine akasahau bisibisi yake dukani, alisema maneno yasiyozidi ishirini kutwa nzima, na mikono yake ikawa inanuka wanga wa kukazia mashuka. Ijumaa vivyo hivyo, na Jumamosi.

Jumapili asubuhi alikuta dobi anahangaika mlangoni na kapu la mashuka. Dobi akalisukuma sanduku kwa mguu mpaka ndani ya chumba.

"Linanizibia njia," alisema. Na mama mdogo akaelewa.

Lakini usidhani mambo yaliishia hapo. Dobi hakuwa mtu wa kuumwa na nyoka mara mbili. Miezi miwili ilipokwisha, na siku ya daktari ikakaribia, alimweka mama mdogo mezani kama kule chuoni. Hakutaka kusikia ndiyo. Alitaka kuona. Akamweleza mara moja siku, saa, lango la hospitali na kadi ya kubeba, kisha akamwashiria: haya, nipangie.

Mama mdogo akatoa viatu vya kutembelea, sawa. Akachagua kadi ya kijani akaiacha nyeupe, sawa. Akachora malango mawili juu ya vumbi la wanga, akagusa lile dogo la nyuma, sawa. Kisha akachukua saa ya mezani. Alikuwa ameisikia wazi kabisa: saba. Kwa mazoea ya kwetu akazungusha mishale mpaka saa saba yetu, ile ya mchana, mshale mfupi kwenye moja.

Dobi akaitazama, akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. Huko wenzetu huhesabu saa kama mshale unavyoonyesha! Saba yao ni saa moja yetu asubuhi. Angekwenda na saa yake ya kwetu, wangekuta daktari ameshanawa mikono. Dobi akausogeza mshale mwenyewe, akamwambia apange vyote upya tangu mwanzo. Alipanga mara tatu.

Wakaenda. Muuguzi alikuwa na haraka zake, akammiminia maelezo ya dawa na kitambaa cha kufunga jicho. Mama mdogo akasema, "Sijaelewa, sema tena," mara tano, foleni nzima ikacheka, muuguzi akapandisha sauti, akapandisha nyusi, mwisho akashika vidole vyake mwenyewe kuhesabu matone. Dobi alikaa kwenye benchi, ametulia, anangoja aitwe.

Siku kitambaa kilipofunguliwa, dobi alitazama dirisha, akatazama mikono yake, kisha akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya kazi. Akavuta shuka moja, akavuta la pili.

"Kumbe miezi yote hii unanikunjia upande!"

Akakunjua rundo zima, wakaanza upya.

Mwaka huu mama mdogo amekuja likizo. Bibi anasema amepungua maneno kama kilo kumi, ingawa mimi naona bado yapo, ila sasa ukimsimulia kitu anakukatiza kuuliza, na anangoja jibu. Nilimsaidia kufungua sanduku lile lile, na kwa kuwa mimi nipo sekondari sasa na sikubali kukaliwa kimya, nikamwuliza tena swali langu. Ukiwa hujui lugha yao, uliwaambia nini?

Alikunja blauzi mbili kwanza.

"Ya Mungu niliyasema yote Jumapili ile, kwa dakika nne, na mtu akangoja na jicho lake bovu miezi miwili. Baada ya hapo, mwaka wa kwanza wote nilikuwa nauliza tu: saa ngapi, lango gani, kadi ipi. Mwaka wa pili dobi ndiye aliyeniuliza mwenyewe nilifuata nini kule. Nikamwambia. Alinikatiza mara sita."